Simu Imevunjika: Picha Ziko Wapi?

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Yamechapwa ili wanafunzi wayasome tena pamoja na mwalimu wao.)

Natumaini mmekwisha kukaa, daftari zi wazi na penseli zimechongwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matano ubaoni kwa herufi kubwa: AKAUNTI. NENOSIRI. NAKALA. REJESHA. TUPIO. Nitangoja kidogo.

Haya. Msihangaike ikiwa hamjaweza kuyasoma yote. Yatatokea moja moja katika mazungumzo yetu, na kila moja nitalieleza. Maneno haya yamo ndani ya simu zenu, ikiwa simu imewekwa katika Kiswahili. Mtu asiyeweza kuyasoma huyabonyeza kwa kubahatisha, na kwa kubahatisha huko watu wengi wamepoteza picha zao.

Leo tutazungumza juu ya simu iliyovunjika na picha zilizomo ndani yake. Tuchukue mfano. Ni mfano wa kutunga, lakini naamini kila mmoja wenu anamjua mtu kama huyu. Mama mmoja anakaa Kigamboni. Asubuhi anavuka kwa pantoni kwenda Feri kununua samaki. Watu wanasukumana, simu inamponyoka, inaanguka juu ya chuma. Kioo kinapasuka vipande vipande na simu inakuwa nyeusi tii.

Simu yenyewe ni ya bei ndogo, naye anaweza kununua nyingine baada ya miezi michache. Lakini ndani yake mna picha mbili zinazomliza. Ya kwanza ni picha ya marehemu mama yake, amekaa kitini siku ya harusi ya mjukuu, amevaa kitenge kipya, anacheka. Hakuna picha nyingine ya bibi yule akicheka. Ya pili ni picha ya karatasi ya mauziano ya kiwanja, yenye sahihi za mashahidi. Karatasi yenyewe imeliwa na mchwa.

Mama huyu atafanya nini? Watu wengi hukimbilia kibanda cha fundi simu cha karibu na kusema, "Nitengenezee simu." Hapo ndipo hatari inapoanza. Kutengeneza simu ni kazi moja, na kuokoa picha ni kazi nyingine. Fundi aliyeambiwa atengeneze simu anaweza kuitengeneza vizuri sana, ikarudi inang'aa kama mpya, na picha zote zimefutika. Naye hatakuwa amekosea, maana aliambiwa kutengeneza simu, akatengeneza.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, mama yetu ajiulize swali moja: Picha zangu ziko wapi? Nawaomba mliandike swali hilo katika daftari. Somo zima la leo ni jibu lake.

Tuanze na kioo. Picha hazikai kwenye kioo. Kioo ni kama dirisha. Dirisha likivunjika, vitu vya chumbani havijavunjika. Picha hukaa ndani zaidi, katika kipande kidogo cheusi, pengine kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichobandikwa juu ya ubao wa umeme wa simu. Kioo kinaweza kusagika kabisa na kipande kile kikawa kizima.

Basi jambo la kwanza, azima simu ya jirani uipigie simu yako iliyovunjika. Ikilia au ikitetemeka, furahi. Simu i hai, ila haionyeshi. Kazi iliyobaki ni kuipatia dirisha jingine.

Labda mtu wa nyuma kule darasani atauliza, "Kwa nini nisiiunganishe na kompyuta kwa waya, nikazitoa picha?" Ni swali zuri. Simu janja ikiunganishwa na kompyuta hupokea umeme tu. Haifungui mlango wa picha mpaka mwenyewe akubali, na kukubali huko hufanywa kwa kugusa kioo cha simu. Kioo kimekufa, utakubali vipi? Ndiyo sababu mara nyingi hapana budi kutia kioo kingine, hata kioo cha zamani cha kuazima kwa fundi, kwa muda wa saa moja tu. Lakini ikiwa kioo kinaonyesha na hakisikii kidole, iko njia rahisi zaidi. Simu nyingi za Android hukubali mausi ya kompyuta, ile inayoitwa pia kipanya, kwa kutumia kiunganishi kidogo ambacho mafundi hukiita OTG. Utaona mshale mdogo ukitembea juu ya kioo, nawe utafungua simu kwa mshale huo.

Na ikiwa kioo kimepasuka tu, bado kinaonyesha na bado kinasikia, usingoje kesho. Zitume leo zile picha unazozipenda kuliko zote kwa mtu unayemwamini. Kioo kilichopasuka huweza kuzimika wakati wowote.

Sasa twende kwa fundi. Sikilizeni jinsi mama yetu anavyozungumza naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu yangu imeanguka, haionyeshi. Ninachotaka ni picha. Simu ikifa baada ya hapo, si neno."

"Iache hapa, mama, uje kesho."

"Hapana, mwanangu, nitakaa hapa hapa. Na tafadhali usiiflashi. Ukiona haiwezekani bila kuiflashi, nirudishie kama ilivyo."

Mmesikia neno hilo, kuiflashi? Mafundi wana maana ya kufuta mambo yote ya simu na kuianzisha upya. Ni dawa nzuri kwa simu iliyogoma, lakini ni sumu kwa picha. Zamani picha ziliweza kupatikana hata baada ya simu kufutwa, lakini simu janja za siku hizi zina kufuli ndani. Tangu Android ya 10, iliyotoka mwaka 2019, kila simu mpya inayotoka na Android hiyo au iliyo mpya zaidi ni sharti iandike vitu vyake vyote kwa maandishi ya siri. Ufunguo wa maandishi hayo umo ndani ya simu hiyo hiyo. Simu ikifutwa, ufunguo hupotea, na picha haziwezi kusomwa na fundi yeyote, wa Kariakoo wala wa Ulaya.

Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na mtu anayekuambia, "Simu imekufa kabisa, lakini nitakitoa kile kipande cheusi na kukisomea kwenye mashine yangu." Katika simu mpya kipande kile peke yake hakisomeki. Ili picha zisomeke, ubao wa simu sharti ufufuke, walau kwa muda mfupi, na mwenyewe aandike namba zake za siri. Fundi hodari anaweza kuufufua ubao kwa saa moja, na saa moja hiyo inatosha. Mwambie hivyo wazi: hutaki simu ya kutumia mwaka mzima, wataka saa moja. Pengine hata bei itapungua.

Namba za siri uziandike mwenyewe, kwa kidole chako, mbele ya fundi. Usimtajie. Katika simu yako mna picha za watoto, mna ujumbe wa nyumbani, na mna fedha pia.

Neno moja juu ya maji, kwa sababu wengi wetu tunaishi karibu na bahari au ziwa. Simu ikitumbukia, itoe, izime, na usiitie katika chaja hata kama wataka sana kujua kama bado ni nzima. Umeme na maji vikikutana ndani ya simu, ubao huungua. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, maana chumvi hula chuma, basi ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha. Na ule mchele? Najua, kila mtaa una mtu atakayekuambia uizike simu katika mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple, inayotengeneza simu za iPhone, iliwaambia wateja wake wasifanye hivyo, kwa kuwa chembe ndogo za mchele huweza kuiharibu simu. Pikeni wali.

Tumemaliza kipande cheusi. Mahali pa pili ni memori kadi. Simu nyingi, na hasa zile ndogo za vitufe tunazoziita vitochi, zina kadi ndogo ya kutia na kutoa. Ikiwa simu ilikuwa ikihifadhi picha katika kadi, simu inaweza kufa na kadi ikabaki nzima. Itoe, itie katika simu nyingine au katika kompyuta, picha utaziona. Simu janja chache zilikwisha kuigeuza kadi iwe sehemu ya simu yenyewe, na kadi ya namna hiyo haisomeki pengine. Lakini kujaribu hakugharimu kitu. Ila simu nyingine ikikuuliza kama inaweza kuisafisha au kuiumbiza kadi hiyo, kataa.

Na ikiwa picha zilifutwa katika kadi kwa bahati mbaya, usipige picha nyingine juu ya kadi hiyo. Kufuta katika kadi ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo mbele ya kitabu: sura zenyewe bado zimo, mpaka mtu aje aandike mambo mengine juu yake. Fundi mwenye kompyuta na programu ya kazi hiyo mara nyingi huweza kuzirudisha.

Laini ya simu je? Watu wengi hufikiri picha zimo katika laini. Hazimo. Laini huweza kutunza majina na namba za watu, lakini haitunzi picha. Hata hivyo usiitupe! Baadaye kidogo mtaona kwamba laini ndiyo ufunguo wa mahali pa tatu.

Mahali pa tatu huitwa wingu. Jina hili limewababaisha watu. Nimesikia mtu akisema kwamba mvua ikinyesha sana picha zitaharibika. La, sivyo. Picha haziko angani. Wingu ni jina tu la kompyuta kubwa za makampuni, zilizopangwa katika majumba makubwa, mbali na hapa. Mathalani, mwaka 2009 kampuni ya Google ilinunua kiwanda cha zamani cha karatasi katika mji wa Hamina, nchi ya Ufini, ikakigeuza kuwa nyumba ya mashine hizo. Mashine hupata joto sana, na huko Hamina hupozwa kwa maji ya bahari. Majumba kama hayo yako katika nchi nyingi.

Picha yako husafiri kutoka simu yako mpaka mnara, kisha hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya mmoja, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Huenda mnakumbuka mwezi wa Mei mwaka 2024, intaneti ilipokuwa dhaifu sana Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini. Watu walidhani picha zao za winguni zimepotea. Hazikupotea, njia ndiyo iliyokatika.

Basi, je, picha za mama yetu wa Kigamboni zimo winguni? Huenda zimo, huenda hazimo. Haziendi huko zenyewe tu. Sasa tutazame neno la ubaoni: NAKALA. Katika simu utaona maandishi "hifadhi nakala". Maana yake ni kwamba simu iweke picha ya pili, mfano wa ile ya kwanza, katika wingu. Ikiwa jambo hilo limewashwa katika programu ya picha ya Google, kila picha unayopiga kwa kamera hupelekwa winguni simu inapopata intaneti. Ikiwa halikuwashwa, hakuna kinachokwenda.

Sikilizeni sana hapa, maana watu wengi hawajui. Kwa kawaida zinazopelekwa ni zile ulizopiga mwenyewe kwa kamera ya simu yako. Picha ulizotumiwa na wengine kwa WhatsApp hukaa katika chumba chao cha pekee, na chumba hicho hakihesabiwi mpaka wewe mwenyewe ukichague. Mama yetu aliipiga picha karatasi ya kiwanja kwa mkono wake. Hiyo inaweza kuwa winguni. Picha ya marehemu mama yake alitumiwa na mpwa wake baada ya harusi. Hiyo, kwa kadiri kubwa, haimo.

Tuitafute kwanza ile ya karatasi. Aende kwenye kompyuta ya mtu anayemwamini, au atwae simu ya binti yake, afungue photos.google.com. Ataulizwa mambo mawili, nayo ni maneno yetu mawili ya kwanza ubaoni. AKAUNTI, yaani jina lake katika daftari la kampuni, ambalo huandikwa kama anwani ya barua pepe. Na NENOSIRI, yaani neno analolijua yeye peke yake. Akiyajua yote mawili, picha zake zitatokea kwenye kioo cha kompyuta, moja baada ya moja, kama zilivyokuwa. Simu yake yaweza kuwa imekufa kabisa na isiwe kitu.

Lakini je, anayajua? Jambo hili naliona kuwa baya kuliko kupasuka kwa kioo. Watu wengi hununua simu dukani, na kijana wa dukani huwafungulia akaunti. Kijana hutunga jina, hutunga nenosiri, humkabidhi mteja simu inayofanya kazi, na mteja anakwenda zake. Miaka mitatu mteja hupiga picha. Picha zote zinakwenda katika akaunti ambayo mwenyewe hajui inaitwaje. Siku simu ikifa, nyumba ipo, vitu vimo, na hakuna ajuaye mlango.

Hapo ndipo laini inapofaa. Ikiwa akaunti iliandikishwa kwa namba yako ya simu, unaweza kubonyeza maneno yanayosema umesahau nenosiri, na kampuni itakutumia tarakimu kwa ujumbe mfupi. Kwa hiyo toa laini katika simu iliyovunjika, uitie katika simu nyingine kwanza, kabla ya kujaribu lolote. Ikiwa simu imepotea pamoja na laini, nenda katika duka la kampuni yako ya simu na kitambulisho chako, wakurudishie laini yenye namba ile ile. Laini zetu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, basi wewe mwenyewe ndiwe wa kwenda. Tarakimu zile za ujumbe usimtajie mtu, awe fundi, awe mtu apigaye simu akisema yeye ni wa kampuni. Mwenye tarakimu hizo ndiye mwenye nyumba.

Ukimaliza kuzitazama picha zako kwenye kompyuta ya watu, ondoka katika akaunti kabla ya kusimama. Na kama wataka kuzishusha zote katika simu mpya, piga hesabu ya bando kwanza. Tuseme kila picha ni megabaiti 3. Picha 1,000 ni megabaiti 3,000, yaani gigabaiti 3. Afadhali ushushe chache za lazima, na nyingine uzingoje mpaka upate Wi-Fi.

Hesabu hiyo inatuleta kwenye ukubwa wa wingu lenyewe. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo ni ya picha, barua pepe na vitu vingine kwa pamoja. Apple hutoa gigabaiti 5. Mwalimu, andika ubaoni: 15,000 gawanya kwa 3. Jibu ni picha 5,000. Video hula zaidi, sana. Nafasi ikijaa, nakala husimama. Simu hukuonya kwa maandishi, mtu asiyesoma huyafuta maandishi, na tangu siku hiyo hakuna picha iendayo winguni. Mtu husema, "Mbona picha za mwaka juzi zipo, za mwaka huu hazipo?" Ndiyo sababu yake.

Neno la tano ubaoni ni TUPIO. Katika programu ya picha ya Google, ukifuta picha iliyokwisha kuwekwa winguni, haiondoki mara moja. Hukaa katika tupio siku 60, nawe unaweza kuirejesha. Baada ya siku 60 imekwenda moja kwa moja. Picha ambayo haikuwahi kuwekwa winguni hukaa siku 30 tu. Nataka mwelewe jambo moja linalowadanganya watu: ukifuta ndani ya programu hiyo, unafuta kote kuwili, simuni na winguni. Wako waliofuta ili kupunguza mzigo wa simu, wakidhani nakala ya winguni inabaki. Haibaki. Ukikuta kosa kama hilo, tazama tupio kwanza kabla ya kulia.

Haya, karatasi ya kiwanja tumeipata. Niseme tu, pembeni ya somo, kwamba picha ya hati si hati. Itakusaidia kuwakumbuka mashahidi na tarehe, lakini aende pia kwa mwenyekiti wa mtaa akaulize kama iko nakala.

Imebaki picha ya bibi anayecheka. Hii ilikuja kwa WhatsApp. Ziko njia mbili, na msishangae nikisema kwamba iliyo rahisi ndiyo bora. Njia ya kwanza ni nakala ya WhatsApp yenyewe. WhatsApp huweza kuweka nakala ya mazungumzo na picha katika akaunti ya Google ya mwenye simu, ikiwa imeruhusiwa kufanya hivyo. Mama yetu akiweka WhatsApp katika simu nyingine kwa namba ile ile na akaunti ile ile, itamwuliza kama anataka kurejesha. Hilo ndilo neno letu REJESHA. Hapo asiwe na haraka. Watu wengi hubonyeza maneno ya kuruka ili waanze kuzungumza upesi. Ukiruka, WhatsApp huanza upya ikiwa tupu, na baadaye inaweza kuweka nakala mpya mahali pa ile ya zamani. Nakala iliyokuwa na miaka yako yote hubadilishwa kwa nakala ya jana. Basi soma, tafuta neno REJESHA, ulibonyeze, kisha uiache simu mezani ikiwa na chaji na intaneti mpaka imalize.

Njia ya pili ni watu. Nani alimtumia picha ile? Mpwa wake. Mpwa aliwatumia wangapi siku ile? Kundi zima la ukoo. Huenda watu 40 wana picha ya bibi, Tanga, Mombasa, Muscat, kila mmoja katika simu yake. Mama yetu atume ujumbe mmoja kwa sauti: "Jamani ndugu zangu, simu yangu imevunjika. Mwenye picha ya mama siku ya harusi, amekaa kitini, naomba anirudishie." Pengine kabla ya magharibi picha imefika, na imefika mara tano. Tena amwombe mpwa aliyeipiga aitume kama faili la hati, kwa sababu WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapoituma kwa njia ya kawaida, na sura huweza kuwa na ukungu ikisafishwa kwenye karatasi kubwa.

Kuna jambo zito kidogo la kusema kabla ya kuachana. Ikiwa picha zilikuwa katika akaunti ya mtu aliyefariki, msikae miaka. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na ufutaji ulianza Desemba mwaka huo. Kampuni haiwapi wafiwa nenosiri la marehemu. Ndugu wa karibu wanaweza kuiandikia maombi, na katika hali fulani hupewa vilivyomo, lakini si kila mara. Aliye hai anaweza kuchagua mapema, ndani ya akaunti yake, mtu atakayeruhusiwa kuchukua picha zake. Wazee wenzangu hawapendi kuzungumza juu ya mambo hayo. Yazungumzeni hivyo hivyo.

Sasa kazi ya darasa. Kila mwenye simu janja aitoe. Fungua Mipangilio, kisha Google. Juu kabisa utaona anwani ya akaunti yako. Inakili katika daftari, herufi kwa herufi, pamoja na nukta, tarakimu, na ile alama ya a yenye mkia. Usiache kitu, usiongeze nafasi. Mwenzako wa kushoto aisome anwani yako kwa sauti, nawe utazame kama umeandika sawa. Nenosiri usiliandike katika daftari la darasa. Liandike nyumbani, katika karatasi ya peke yake, uliweke sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Watu wa mjini watakuambia nenosiri haliandikwi kabisa. Mimi naona sanduku lenye kufuli ni salama kuliko kulisahau.

Baada ya anwani, fungua picha za Google, ubonyeze ile duara ya jina lako juu ya kioo, na usome kama nakala imewashwa au imezimwa. Mwenye simu ya kitochi atoe memori kadi pamoja na mwalimu, waitie katika simu nyingine, waone kama picha zinasomeka.

Ambaye simu yake ilifunguliwa na kijana wa dukani na hajui nenosiri, asione haya. Amwambie mwalimu baada ya kipindi, walibadilishe leo simu ikiwa bado nzima. Wiki ijayo, saa kama hii, tutasoma ujumbe wa fedha unaokuja katika simu, mstari kwa mstari. Kwaherini.